Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu na wa maji Kilimanjaro: tuacheni tufundishe ukame kwa kupima

Shikamooni wakubwa zetu wa elimu, kuanzia mkoa mpaka kata, na nyie wa maji pia, wa bonde la mto Pangani na wa mabomba, shikamooni. Naandika wazi hivi kwa sababu barua ya bahasha ikishapita meza tano inafika imebaki salamu, na mi nina ombi, tena ombi lisilokula hela nyingi.

Ni mwalimu wa Jiografia, shule ya serikali, Moshi Vijijini upande wa tambarare. Nafundisha kidato cha kwanza na cha pili, na jioni nakaa na watoto wa darasa la sita na la saba wa shule ya msingi jirani kwa sababu wengi ndo watakuja kwangu mwakani. Huku kwetu ukiinua macho unaona msitu umejifunika mawingu na ukiyashusha unaona vumbi, kwahiyo mada ya ukame hatuhitaji kuitafuta mbali.

Ombi nalisema mapema msije mkachoka njiani: mtoto wa kuanzia darasa la tano hadi kidato cha pili afundishwe ukame na utunzaji wa maji kwa kupima maji ya pale pale anapoishi, mvua, mfereji, paa la shule, bomba linalovuja, halafu daftari lake la vipimo lipewe maksi kama mtihani unavyopewa maksi.

Kwa nini. Chukueni daftari la mtoto yeyote mkutane na somo la ukame lilivyo sasa. Ukame ni hali ya kukosa mvua kwa muda mrefu, madhara ni njaa na vifo vya mifugo, namna ya kuzuia ni kupanda miti na kutunza vyanzo vya maji, tiki nyekundu, imeisha hiyo. Mfano ni Saheli. Mtoto anatoka darasani anajua ukame uko Saheli wakati mwaka 2009 na tena 2021 kwenda 2022 ng'ombe wamekufa Longido na Simanjiro, na baadhi ya wanaokaa mbele yangu wana ndugu waliopoteza boma zima la mifugo. Na ukienda kwenye kutunza maji ndo kabisa, anaambiwa funga bomba unapopiga mswaki, usikae sana kwenye shawa. Jamani. Mtoto huyu anaoga ndoo nusu na hiyo ndoo kaibeba mwenyewe, asubuhi kaja na dumu la lita tano kwa ajili ya choo cha shule, sasa we unasimama mbele yake unamhubiria asifanye israfu? Anakuangalia tu, ana adabu zake hawezi kujibu.

Yani somo limeandikwa kama vile shida ya huyu mtoto ni tabia. Tabia anayo tayari, kuliko hata sisi tunaomfundisha. Kitu ambacho hana ni kujua maji yanatoka wapi, ni mengi kiasi gani, yanaenda wapi, na nani anaamua yaende huko. Hayo ndo nataka ajue akiwa na miaka kumi na mbili kumi na tatu, kwa sababu akifika ishirini na tano ndo atakuwa kwenye kikao cha kijiji anagombania zamu ya maji.

Halafu kuna hili la adhabu, nalisema japo najua litawaudhi walimu wenzangu. Shule nyingi mtoto akichelewa anatumwa kuchota maji, akipiga kelele anamwagilia maua. Alafu kipindi cha nne tunaingia kumfundisha kwamba maji ni uhai na tuyapende. Atapendaje kitu anachokijua kama fimbo? Mkitoa waraka mmoja tu wa kusema maji yasiwe adhabu mtakuwa mmefundisha kuliko mabango yote.

Sasa ngoja niseme nikipewa nafasi ningefundishaje, na vingine tunavifanya tayari kwa kuiba iba muda.

Cha kwanza mvua. Unachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo pembeni imenyooka, unakata juu, unageuza ile shingo inakuwa kama mrija wa kupokelea, chini unaweka kokoto na maji kidogo mpaka pale ilipoanza kunyooka, hapo ndo sifuri, unabandika rula. Kipimo cha mvua hicho. Kinakaa mbali na miti na ukuta, kinasomwa saa 3 asubuhi kila siku, saa ile ile ambayo vituo vya hali ya hewa vinasoma, na siku isiyo na mvua unaandika sifuri, maana watoto wengi mwanzoni wanadhani sifuri haina haja ya kuandikwa wakati kwenye ukame sifuri ndo habari yenyewe. Zikijipanga sifuri ishirini na kitu mfululizo kwenye vuli, mtoto hahitaji tena kukariri maana ya ukame.

Na akishakuwa na namba zake mwenyewe ndo unamfungulia dunia. Unamwonyesha mjini Moshi tunapata kama milimita 900 hivi kwa mwaka, juu msituni upande wa Kibosho zinapita 2,000, ukishuka kwenda Same ni 500 na kitu, na yote hayo mkoa mmoja. Unamweleza kwamba vuli yetu inaamuliwa sana na joto la bahari, Pasifiki na hapa Bahari ya Hindi, El Nino, yani Pasifiki ikipata joto kuliko kawaida, ikija mara nyingi vuli inazidi kama 1997 na 2023, La Nina, yani ikipoa, ikija vuli inakata kama ile miaka mitatu ya 2020 hadi 2022. Akisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa wanasema redioni mvua zitakuwa chini ya wastani anaelewa wastani ni nini kwa sababu na yeye ameshatafuta wastani wa mwezi wake. Saizi watu wazima wengi tukisikia chini ya wastani tunaelewa mvua haitanyesha, ikinyesha siku mbili tunawatukana watabiri.

Cha pili paa. Hapa hesabu na Jiografia zinakaa meza moja. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, hii nawaambia wakariri kweli, ndo kitu pekee nawaruhusu wakariri. Paa la madarasa mawili ni mita 16 kwa 7, hiyo ni mita za mraba 112. Mvua ya milimita 10, ya kawaida tu ya jioni moja, ni lita 1,120, toa ya kurukia pembeni na kuvuja kwenye gata tuseme humo unapata 900 hivi, ndoo 45. Mtoto anayebeba dumu kila asubuhi akipata hilo jibu anakaa kimya kidogo halafu anauliza swali ambalo mi siwezi kulijibu ila nyie mnaweza: sasa mbona hatuna gata?

Ila hesabu hiyo hiyo inamfundisha asidanganyike. Simtanki la lita 5,000 kwa paa lile linajaa kwa milimita 56 tu, raha, lakini shule ina watoto 600 kila mmoja akitumia lita moja ya kunawa mikono tanki limekwisha siku ya tisa. Kiangazi cha kuanzia Juni mpaka Oktoba hukivuki kwa tanki moja hata uombe. Kwahiyo wanabishana, maji ya tanki yawe ya nini, ya kunawa au ya choo au ya bustani, na nani ashike ufunguo, na huo ubishi ndo utunzaji wa maji wenyewe. Bango la tunza maji halijawahi kumbishanisha mtu.

Cha tatu ndo ninachokipenda, mfereji. Mnapima mita kumi kando ya mfereji, juu mnatupa chungwa, chungwa linazama karibu lote upepo hauliyumbishi, mwenzio ana saa chini anahesabu. Likitumia sekunde 20 basi mwendo ni nusu mita kwa sekunde. Mnapima upana, mita moja, kina sentimita 30, mnazidisha, halafu mnapunguza mnachukua kama asilimia 80 kwa sababu maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini, inakuja lita 120 kwa sekunde. Ndoo sita, kila sekunde! Darasa zima linageuka kuangalia ule mfereji ambao wanauruka kila siku. (Nawahi kuwatoa hofu, mfereji wa kina cha magoti tu, na mvua ikiwa imenyesha juu hatuendi, mito yetu inashuka na maji mtu hujayaona yanakuja.)

Na hapo sasa ndo swali linakuja, kama zinapita ndoo sita kila sekunde huku juu, mbona chini kwa Bibi maji hayafiki? Hapo nawatenganishia mambo ambayo kitabu kimeyafunga kamba moja. Kuna ukame wa mvua, haijanyesha. Kuna ukame wa shamba, imenyesha lakini udongo hauna unyevu wakati mahindi yanabeba. Kuna ukame wa mto na visima, huo unaweza kuchelewa miezi baada ya mvua kukata. Na kuna kukosa maji ambako sio ukame kabisa, watu wamekuwa wengi juu ya maji yale yale au walio juu wamechukua yote.

Mfano uko hapo hapo Chekereni na Mabogini. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilikamilika 1987 kwa msaada wa Wajapani, mpunga ukakubali kweli kweli, mavuno yakawa yanaongelewa nchi nzima. Sasa wa huko juu ya banio, pale maji ya skimu yanapochepushwa kutoka mtoni, nao si wana macho, wakaona mpunga unalipa wakaanza kulima na wao kwa maji ya Rau na Njoro, maji yakapungua kwa waliojengewa skimu, mashamba mengine yaliyopangwa kwa mpunga yakakosa maji. Mvua haikuwa na kosa kubwa pale. Sijawahi kukutana na swali la mtihani linalomuuliza mtoto wa Moshi habari ya Lower Moshi, ila majangwa ya mbali ameulizwa sana.

Tuna mchezo wake darasani. Ndoo moja ya lita 20 ndo mto. Mmoja ni mkulima wa kihamba, lile shamba la nyumbani la Wachaga, huko Kibosho, mwingine ni mji wa Moshi na mabomba yake, mwingine mpunga Chekereni, anafuata wa Kahe na ng'ombe zake, halafu mvuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu umeme wa Hale na Pangani, na wa mwisho yuko kule Pangani kwenyewe mto unapoingia baharini. Kila mmoja ana kikombe anachota kwa mpangilio wa mlima, hakuna sheria, kila mtu achukue anachotaka. Huwa haufiki Hale. Mtoto aliyekuwa umeme anabaki na ndoo kavu darasa linacheka, wanasema umeme umekatika. Raundi ya pili nawaambia haya kaeni kikao mpange, na hapo unaona mambo, kuna wa Kibosho anasema maji ni ya babu yangu, kuna wa mjini anasema mi nalipa bili, kuna mmoja siku ile akasema wa chini wachangie kutunza msitu wa juu, miaka kumi na tatu huyo, mi nikajifanya naandika ubaoni ila nilikuwa namsikiliza yeye tu.

Raundi ya tatu simuulizi mtu, namwita mzee wa mfongo, yani mfereji wa asili wa Wachaga. Tuna mzee mmoja tunamwita Meku, alikuwa anasimamia zamu za mfongo kwao juu, anakuja kwa nauli na soda. Anawaeleza mifongo ya Wachaga ilivyokuwa inagawa maji kwa saa na kwa siku kabla ya saa za ukutani, nani anafungua, nani anafunga, asiyetoka msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua, anakosa zamu, mwizi wa maji anatozwa mbuzi au pombe. Wa kutoka Same anainua mkono anasema hata sisi Wapare tuna ndiva, bwawa dogo linajazwa usiku asubuhi linafunguliwa. Halafu ndo naleta ya sasa hivi, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, vibali vya kutumia maji, jumuiya za watumia maji, bodi ya bonde. Kwa mpangilio huo mtoto anaona kibali na zamu ya Meku ni ndugu. Ukianza na sheria wanalala.

Kitu kingine nawaomba mkirekebishe hata kwenye hotuba, ni barafu. Kila Wiki ya Maji tunasikia theluji ya Kilimanjaro ikiisha na maji yataisha. Barafu imepungua kweli, tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake imeondoka, na inauma. Lakini maji ya mito yetu sehemu kubwa kabisa yanatoka kwenye mvua na ukungu wa ule ukanda wa msitu, yanaingia ardhini yanatokea kwenye chemchemi huku chini, barafu inachangia kidogo sana. Mtoto akiamini ni barafu anakata tamaa, barafu ataishika wapi. Akijua ni msitu anaelewa kwa nini moto wa Oktoba 2020 kule juu ulikuwa habari ya bomba la kwao, maana ile miti na mimea ya juu inakamata ukungu ikadondosha maji, ikiungua ukungu unapita. Hapo hata kuzuia warina asali wasiache moto kunakuwa somo la maji.

Cha bomba linalovuja nakipitisha haraka. Weka ndoo chini ya bomba bovu la shule, likijaza lita 20 kwa saa moja hiyo ni lita 480 kwa siku, kwa mwezi uniti 14 na kitu, uniti moja ni lita 1,000. Watoto wanazidisha kwa bei iliyoko kwenye bili, wanapeleka kwa mwalimu mkuu. Ile spea ndogo ya bomba, washa, ni shilingi ngapi, mnajua. Bomba litatengenezwa wiki hiyo hiyo, aibu ni dawa.

Na majirani zetu wa Arumeru, kina King'ori na Maji ya Chai, wana lao ambalo nalo litoke kwenye pembezoni za kitabu. Ni floridi, madini yanayoyeyuka kwenye maji kutoka kwenye miamba ya Meru, kiwango kinachotakiwa kisizidi miligramu 1.5 kwa lita na kuna vyanzo vinapita hapo mbali, meno ya watoto yanabadilika rangi. Ukichemsha haitoki, inazidi kukolea kwa sababu maji yanapungua. Mtoto wa huko afundishwe hilo kwanza kabla ya habari za kupiga mswaki.

Haya, vitu tunavyotaka kwenu. Kikubwa ni ruhusa. Kumtoa mtoto nje ya geti mita mia tatu kwenda kwenye mfereji sasa hivi ni barua, muhuri, barua nyingine, na kipindi ni dakika arobaini. Toeni kibali cha jumla kwa mwaka, shule yoyote, mwendo wa miguu, walimu wawili. Pili maksi, mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unaongea sana habari ya kutenda na umahiri, basi daftari la mvua la mwaka mzima liwe kazi mradi inayohesabika, lisipohesabika mwalimu mwenye madarasa manne hatalifuatilia na wala simlaumu. Tatu gata na tanki, na hapa nawaomba jambo moja dogo la kiburi, msije na tanki kabla watoto hawajapiga hesabu ya paa lao. Waache wapige, wawaandikie, ndo mje. Na nyie wa bonde, ofisi yenu iko hapa hapa Moshi, mna vipimo vya mito vya miaka mingi, tupeni hata karatasi moja ya mto mmoja kwa shule moja, watoto wafananishe na chungwa lao.

Wiki ya Maji mwezi wa tatu ngonjera ziendelee, nazipenda, kuna mtoto wangu mmoja akighani hata mgeni rasmi anasahau maji yake ya chupa mezani. Ila badala ya tisheti tuleteeni fundi mmoja afungue mita mbele ya darasa waone namba zinavyozunguka.

Vuli inasogea Oktoba kwenda Novemba. Chupa tumeshakata, rula zimebandikwa, Meku amekubali kuja. Kinachosubiriwa ni kibali cha geti. Kama mnataka kumtuma mtu aangalie kabla hamjaamua, aje saa 3 asubuhi kwa ajili ya kipimo, na avae viatu vya tope kwa sababu kwenye mfereji na yeye ataingia.

Wenu,
Mwalimu wa Jiografia, Moshi Vijijini